Mwenye kifaa moyoni asingoje kafyu iishe

Machi 2020, Kenya ilipowekewa kafyu ya korona ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, wengi walihesabu hasara ya biashara. Mimi niliwaza kifua changu. Chini ya bega la kushoto nimepandikizwa kifaa kinachofuatilia mapigo. Moyo ukienda mbio za hatari, huupiga shoti urudi kwenye mwendo wake. Kliniki yangu iko Nairobi, nami naishi Mombasa. Tangu Aprili hadi mapema Julai kaunti zote mbili zilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka.

Mwenzangu mwenye kifaa, kafyu ikitokea tena, piga simu kliniki ukiwa bado mzima. Uliza betri ilikuwa imebaki kiasi gani ilipopimwa mara ya mwisho. Yangu ilikuwa na miaka mbele yake, kwa hiyo daktari akasogeza miadi bila wasiwasi. Aliyekaribia kubadilishiwa kifaa kwa sababu betri inaisha asikubali kuahirishwa na karani. Adai kuzungumza na daktari.

Kuhusu shoti, utaratibu niliopewa ni huu. Ukipigwa moja, ukajisikia sawa, ijulishe kliniki siku hiyohiyo. Zikiwa mbili au zaidi ndani ya saa 24, au hata moja ikiambatana na kuzirai, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, nenda hospitali iliyo karibu mara moja, hata usiku wa manane. Majirani walikuwa wakiambizana kwamba hospitali ndiko korona iliko. Nawasihi, hofu hiyo isikuzuie. Mimi niliweka kadi ya kifaa na barua ya daktari pamoja, ili askari wa kizuizi cha barabarani aone kwa macho yake.

Kisha watu wakaanza kununuliana haidroksiklorokwini, dawa ya malaria, na azithromaisini, antibiotiki, wakidhani zinatibu korona. Zote mbili zaweza kuvuruga umeme wa moyo na kuzusha mapigo ya hatari. Aprili 2020 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilionya haidroksiklorokwini isitumiwe kutibu korona nje ya hospitali au majaribio ya kitabibu. Hata kuharisha usikudharau: hupunguza potasiamu, madini yanayousaidia moyo kupiga sawasawa, na wengi wetu tunameza dawa za kukojoza zinazoipunguza pia.

Kama kifaa chako kina mashine ya kuweka kando ya kitanda, ile inayotuma taarifa kliniki, iache kwenye umeme kila usiku. Lakini usiitegemee kwa dharura. Taarifa ikiingia saa nane usiku, huenda isisomwe hadi kliniki ifunguliwe.