Miadi ya kwanza ya WIC: andaa majibu yako kabla ya makaratasi

Dada uliyeuliza, nimekusoma. Una mimba ya miezi sita na mtoto wa miaka miwili, mmefika Marekani juzi juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na umepewa miadi ya WIC wiki ijayo. Unaogopa utajibu vibaya wakunyime, au wakuone mama asiyejua kulea. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu watoto wangu wote wamepita WIC hapa Kentucky, na tangu wakati huo nawasindikiza akina mama wa kanisani kwetu, wengi wao Wakongomani kama wewe.

Ujue kwanza unakokwenda. WIC ni mpango wa lishe wa serikali ya Marekani unaotoa chakula kila mwezi, upo tangu miaka ya 1970. Hauhusiani na ofisi ya uhamiaji, na hata stempu za chakula ni kitu kingine. Ni kwa ajili ya mjamzito, mama aliyejifungua, mtoto mchanga, na mtoto mpaka atimize miaka 5. Mama anayenyonyesha anaendelea kupata mpaka mtoto afikishe mwaka. Asiyenyonyesha anapata miezi 6 tu baada ya kujifungua. Kwa hiyo nyumbani kwako sasa hivi wanaostahili kuomba ni wawili, wewe na huyo wa miaka miwili. Hulipi senti. Uraia si sharti. Kama una wasiwasi wowote kuhusu hati zenu, muulize mwanasheria wa shirika lililowapokea, usichukue neno la mitaani, maana sheria za uhamiaji hubadilika.

Sasa nije kwenye hofu yako. Ofisini wataangalia kipato, halafu mtaalamu wa lishe atakaa nawe akuulize kuhusu afya na chakula. Anachotafuta ni kama kuna jambo lolote la lishe linalohitaji msaada, kwa sababu kisheria mtu hupokelewa WIC akiwa na jambo la namna hiyo. Damu kupungua, uzito mdogo, mtoto kukataa kula, mlo usiotosha: vyote hivyo vinahesabika. Ukisema mtoto hali mboga, hujajiharibia. Umempa mtaalamu sababu ya kukusaidia.

Na hapo ndipo nimeona wenzetu wengi wakijinyima. Mama anaulizwa mtoto anakulaje, anajibu "vizuri." Na wewe je? "Vizuri." Tumelelewa hivyo, shida za nyumbani hazimwagwi mbele ya mgeni, na kambini ukisema neno hujui litafika wapi. Naielewa sana heshima hiyo. Lakini "vizuri" haimwelezi mtaalamu kitu. Kaa leo jioni ukumbuke jana mtoto alikula nini tangu asubuhi: chai ya maziwa na mkate, ugali na sombe, dagaa, ndizi, juisi. Taja vyakula vyetu kwa majina yake. Sombe ni majani ya muhogo, ni mboga nzuri kabisa, usione aibu kuitaja. Kama mtoto anakunywa chai kila siku, sema. Chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kwenye chakula, na hilo ni jambo ambalo mtaalamu anataka kulijua. Kama analala na chupa ya chai ya sukari au juisi mdomoni, sema pia, maana meno huoza.

Wewe mwenyewe, kama unakula udongo kama wajawazito wengi wa kwetu wanavyokula, tafadhali usifiche. Wanaulizia, na wanalijua jambo hilo vizuri. Udongo unaweza kuwa na madini ya risasi yanayomdhuru mtoto tumboni, na hamu yenyewe mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu. Dawa za mitishamba nazo zitaje. Nimemwona mama akinong'ona jambo hili kwa aibu kubwa, na mtaalamu akaendelea kuandika kwa utulivu kisha akamweleza cha kufanya. Hakuna aliyemsema.

Ndiyo maana nasisitiza mkalimani. Piga simu kabla ya siku yenyewe, taja neno Swahili, watakuelewa na watamtafuta, mara nyingi kwa njia ya simu. Ni haki yako bila malipo, inatokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Usikubali mume akutafsirie. Mume wako ni mtu mwema, najua, lakini kuna mambo ya matiti na ya udongo hutayasema akiwa katikati. Kama Kibembe au Kinyarwanda unakielewa zaidi kuliko Kiswahili, omba hicho. Na ukiona mkalimani anatumia maneno ya Mombasa au ya Dar usiyoyajua, mkatize umuulize, usiitikie tu.

Makaratasi hayana ugumu. Wanataka kitambulisho chako, cha kumtambulisha mtoto, kitu chenye anwani yenu, na uthibitisho wa kipato. Kwa mliofika karibuni, I-94, ile karatasi ya kuingilia Marekani, hutumika sana kama kitambulisho, na barua ya umeme au mkataba wa nyumba huonyesha anwani. Kama wewe mjamzito una Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, au nyumba yenu inapata stempu za chakula, upande wa kipato umeshamalizika, beba tu kadi au barua yake. Kama hamna, beba karatasi za mshahara za mwezi uliopita. Wanahesabu mshahara kabla ya makato, na mtoto aliye tumboni anahesabiwa kama mtu wa nyumbani, kwa hiyo usiseme mko watatu wakati mko wanne. Beba na kadi ya chanjo ya mtoto, hata ile ya kambini. Ukikosa karatasi moja, nenda hivyo hivyo uwaeleze. Kukosa miadi kabisa kunakurudisha nyuma zaidi.

Mtoto mbebe, isipokuwa wamekuambia miadi ni ya simu. Watampima urefu na uzito, na watamchoma kidole kidogo kupima damu, wewe pia. Mvalishe nguo nyepesi ndani ya koti. Kama daktari amewapima hivi karibuni, leta majibu, huenda wasimchome tena.

Swali la mwisho la kulifikiria kabla ni utamlishaje mtoto akizaliwa. Ukinyonyesha bila maziwa ya kopo, fungu lako la chakula wewe mama linakuwa kubwa zaidi, na unaweza kusaidiwa kupata pampu ya kukamulia ukirudi kazini. Ukichukua maziwa ya kopo mengi, fungu la mama linapungua. Nimeona akina mama waliokuwa wananyonyesha vizuri wakiomba maziwa ya kopo kwa sababu tu yanatolewa bure, na maziwa yao yakapungua kwa kutonyonywa. Mimi ningekushauri useme unanyonyesha, ujaribu, na ukishindwa uwapigie wakubadilishie. Kama kuna sababu ya kiafya ya kutonyonyesha, hiyo ni yako na daktari wako, na maziwa ya kopo yapo kwa ajili hiyo.

Ukikubaliwa utapewa kadi kama ya benki. Vyakula vinapangwa kwa kila mwezi na usivyochukua havisogei mwezi unaofuata, kwa hiyo omba wakuandikie tarehe ya mwisho. Utapata maziwa, mayai, maharage, siagi ya karanga, nafaka na mengine, na fedha ya matunda na mboga: mwaka 2024 ilikuwa dola 26 kwa mtoto, 47 kwa mjamzito na 52 kwa anayenyonyesha, kila mwezi. Dukani si kila aina inapita. Ukubwa wa pakiti na chapa vinaangaliwa, na maziwa ya kopo ni ya kampuni moja ambayo jimbo limeingia nayo mkataba. Usishangae mtoto wako wa miaka miwili akipewa maziwa yaliyopunguzwa mafuta, ndiyo kanuni ya umri wake. Kama maziwa yanamsumbua tumbo, waambie, yapo ya aina nyingine.

Wakikukatalia, omba barua yenye sababu. Una haki ya kukata rufaa, na muda wa kuomba haupungui siku 60.

Na kama mnafikiria kuwafuata ndugu jimbo jingine, kama wengi wanavyofanya mwaka wa kwanza, pita ofisini kabla ya kuhama uombe cheti cha kuonyesha kwamba tayari umepokelewa WIC. Kadi ya Kentucky haitafanya kazi huko, lakini kwa cheti hicho watakupokea bila kuanza upya mpaka muda wako uliobaki uishe.