Maswali Yenu: Vidole vya Mama na Mashine za Mpakani Ulaya

Mbukwenyi wasomaji wangu. Mwezi huu barua nyingi ni za safari za Ulaya, na karibu zote zinauliza ile mashine mpya ya vidole na sura. Kwa ambao hawajaisikia: nchi 29 za Schengen, yaani zile za Ulaya ambazo ukishaingia moja unazunguka zote bila kukaguliwa tena, zilianza tarehe 12 Oktoba 2025 kuachana na mhuri wa kwenye paspoti, badala yake unapigwa picha ya uso, vidole vinasomwa, na mfumo unaandika umeingia lini na umetoka lini. Unaitwa EES. Ulianza kidogo kidogo na ulipangwa kufika kila mpaka ifikapo 10 Aprili 2026. Haya, tuanze.

*Dada habari, mama yangu ana miaka 67, ni mkulima wa zabibu huku Mpunguzi maisha yake yote, anaenda Ujerumani kwa mdogo wangu ambaye amejifungua. Vidole vyake vimefutika, hata laini ya simu alisumbuka kusajili. Naogopa atafika kule mashine imkatae wamrudishe peke yake na Kijerumani hajui. Nifanyeje? – Binti wa Mpunguzi*

Mdogo wangu, hili swali limenigusa maana nimeliona kwa macho yangu. Ile 2019 tulivyoambiwa laini zote zisajiliwe kwa alama za vidole nilimpeleka mama yangu mzazi kwa wakala pale Majengo, kijana kakaa chini ya mwavuli na kile kimashine chake, mama akabonyeza dole gumba hamna, shahada hamna, kijana anafuta kioo na pindo la shati, anamwambia bibi bonyeza tena, mama anazidi kukandamiza mpaka kucha inakuwa nyeupe, na watu nyuma wanaguna. Kidole kilichokubali mwisho wa siku ni cha pete, mkono wa kushoto. Kile ambacho jembe halikigusi sana.

Kwa hiyo jambo la kwanza, mwambie mama asikandamize. Ukikandamiza mistari inalala na mashine haioni kitu, anatakiwa aweke vidole vilale vyote bapa na atulie. La pili ni ngozi yenyewe. Huku kwetu kuanzia mwezi wa sita upepo unakausha mpaka mikono inapasuka, sasa mama apumzike na shamba na sabuni ya kufulia wiki mbili tatu kabla ya safari, kila usiku apake glisirini, mistari ikipata nafasi inarudi taratibu. Ila siku yenyewe asiende na mafuta mkononi, anawe, ajifute, basi.

Halafu kuna kitu wengi hawajui. Sisi Watanzania tunaingia Schengen kwa viza, na vidole vyote kumi tunavitoa wakati wa kuomba viza. Kwa hiyo mpakani hawaanzi upya kumchukua mama vidole, wanamlinganisha na vile vya kwenye viza yake na wanampiga picha ya uso. Maana yake kipimo cha kwanza kitakuwa Dar wakati wa kuomba viza, hapo ndo aseme mapema kwamba vidole vyake ni vya mkulima, ili wavichukue kwa uangalifu na kama kuna visivyosomeka iandikwe. Sheria yao inamtambua mtu ambaye vidole vyake haviwezi kusomeka, siyo kosa na siyo sababu peke yake ya kumrudisha. Anayekataa kutoa ndo hapiti.

Mashine ikigoma ofisa atamuuliza maswali, na hapo lugha ndo shida uliyoitaja. Mfungie bahasha moja tu: barua ya mwaliko, anwani na namba ya simu ya mdogo wako, tiketi ya kurudi, bima ya safari, na karatasi iliyoandikwa kwa Kijerumani kwamba huyu ni mama yangu anakuja kumwona mjukuu. Bahasha iwe kwenye mkoba wa begani, isiwe kwenye begi linaloingia chini ya ndege. Na kama magoti yanamsumbua, omba msaada wa abiria kwenye shirika la ndege angalau saa 48 kabla, kuna mtu atampokea mlangoni mwa ndege na kumsindikiza mpaka kwa ofisa. Hailipiwi.

Sasa nikwambie kinachonitia wasiwasi mimi kuliko hivyo vidole. Ni siku. Bibi akishamshika mjukuu, binti ataanza mama kaa kidogo, mtoto bado mdogo. Zamani mtu aliongeza wiki na ofisa akiwa na haraka hata mihuri haihesabu, sasa hivi mfumo unahesabu wenyewe. Tuseme kapewa siku 90 kaingia tarehe 1 Juni, ile tarehe 1 inahesabiwa, mwisho wake ni 29 Agosti, na siku ya kutoka nayo inahesabiwa. Akitoka 30 kazidisha. Na siyo kila viza ni siku 90, angalia idadi ya siku iliyoandikwa kwenye stika yake, ukiona 45 ni 45. Kumbukumbu za kawaida zinakaa miaka 3, za mtu ambaye hajaonekana katoka zinakaa 5, na viza ijayo wataziona. Akiugua kule kweli kweli, mdogo wako aende ofisi ya wageni ya mji anaoishi kabla siku hazijaisha, akiwa na cheti cha daktari.

*Mimi ni mtumishi, ofisi yetu ipo Mtumba. Nimetoka kwenye mafunzo Ubelgiji, paspoti haina mhuri hata mmoja wa kule, mhasibu anakataa marejesho yangu ya masurufu anasema nithibitishe nilifika. – Mtumishi*

Pole sana, na wewe siyo wa mwisho, hili litawakuta wengi hapa Dodoma maana mji wetu ndo wa watumishi. Mhasibu wako hajakosea kutaka ushahidi, ila anataka ushahidi ambao kule hautolewi tena. Mwandikie barua fupi kupitia kwa bosi wako, eleza kwamba nchi za Schengen zimeacha kugonga mhuri wageni wanaokwenda kwa muda mfupi, ambatisha vipande vya bodingi pasi vya kwenda na kurudi, cheti cha mafunzo, risiti ya hoteli yenye tarehe, na kopi ya ukurasa wenye mihuri ya Uhamiaji wetu ya kutoka na kurudi kama umegongewa. Na kwa wote mnaojiandaa kusafiri: bodingi pasi msitupe, hata ile ya kwenye simu ipigeni picha kabla haijapotea. Tena una haki ya kuomba kumbukumbu zako za EES kwa mamlaka za kule, ila inachukua muda, mhasibu hatakusubiri.

*Kuna mtu wa mambo ya safari anataka laki mbili na nusu anisajili kwenye EES kabla sijaondoka, anasema bila hivyo ndege hainipakii. – Kijana wa Nkuhungu*

Usimpe hata mia. EES haina ada, unasajiliwa kwa ofisa ukifika, bure. Ipo programu ya simu ya Ulaya wenyewe ya kuanza taratibu mapema, ni ya bure, inatumika kwa nchi chache tu, na hata ukiitumia bado utasimama mbele ya ofisa. Na akija na stori ya ETIAS, hicho ni kibali cha kusafiri cha watu wasiohitaji viza, Mtanzania hakimhusu. Ada unayolipa wewe ni ya viza, euro 90 kwa mtu mzima. Hela yako ya jasho hiyo, kaa nayo.

*Asalaam aleikum, nasafiri na mwanangu wa miaka 9 kwenda Oslo kwa kupitia Amsterdam, tumepewa saa moja na robo kubadili ndege. Na je nitavuliwa hijabu? Nina hina vidoleni. – Mama Aisha, Kondoa*

Waaleikum salaam mama Aisha. Hijabu huvuliwi, wanataka uso uonekane kuanzia kidevu mpaka paji. Hina ya mkononi haina shida, ila ya kwenye ncha za vidole iache mpaka urudi maana inaweza kuisumbua mashine. Mtoto chini ya miaka 12 hachukuliwi vidole, ila picha ya uso atapigwa, kwa hiyo mnyanyue au asimame wima aangalie kamera.

Muda ndo tatizo lako. Norway haimo Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, kwa hiyo ukaguzi wote mtaufanyia Amsterdam mnapotua, Oslo mtashuka kama mmetoka Dodoma kwenda Dar. Saa moja na robo na mtoto na ile foleni ni kidogo mno, rudi kwa aliyekukatia tiketi uombe ndege ya baadaye, angalau saa tatu katikati. Hakikisha safari yote ipo kwenye tiketi moja, ndo ukiachwa shirika linakutafutia nyingine, ukikata mbili mbali mbali hasara ni yako. Mkipitia Doha au Addis Ababa ukaguzi unahamia Oslo kwenyewe, hapo hamna ndege ya kukimbilia. Na kurudi ni vilevile, Amsterdam mtapita tena kwa ofisa mkitoka, maana kutoka nako kunaandikwa, kwa hiyo usikae dukani mpaka waite jina.