Sangara kwa mshipi wakati wa upepo

Ndugu, umeuliza kama inafaa kuvua sangara kwa mshipi kutoka ufukoni upepo unapokuwa mkali. Inafaa, ila chagua upande unaopigwa na mawimbi, kwa kuwa upepo husukuma maji ya juu pamoja na vijidudu vya majini ambavyo samaki hula kuelekea huko, dagaa na furu (samaki wadogo wa ziwani) huvifuata, na sangara, ambaye hahimili maji yenye oksijeni kidogo na hupata oksijeni zaidi penye mawimbi, huja nyuma yao. Hapa Mwanza upepo wa mchana aghalabu hutoka ziwani, kwa hiyo miamba ya ufukoni inatosha. Ongeza uzito wa chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi) na urushe mshipi chini chini. Kwa mtumbwi mdogo, nakusihi usitoke kabisa siku kama hiyo.