Jina la baba halikutosha: Cody Rhodes na vijana wanaoitamani mieleka ya Marekani

Wadogo zangu, mmeuliza kama mwanamieleka Cody Rhodes amefika alipo kwa jina la baba yake tu, na kama kijana wa Tanga au Kisumu asiye na baba wa hivyo anaweza kuja huku Marekani akaishi kwa mieleka. Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Jina lilimfungulia mlango, hilo halina ubishi. Baba yake, Dusty Rhodes, alitamba kwenye mieleka miaka ya 1970 na 1980 akijinadi kuwa mtoto wa fundi bomba, na mwanawe akasaini WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya huku, mwaka 2006. Ila Cody alikaa humo miaka kumi bila kuugusa mkanda mkuu, mwishowe akapakwa rangi usoni na kuitwa Stardust. Baba alifariki Juni 2015. Mei 2016 mwana akaaga.

Sasa sikilizeni. Rhodes ni jina la ulingoni. Ukoo wao ni Runnels. Haki ya kibiashara ya jina "Cody Rhodes" ilishikwa na WWE, kwa hiyo alipotoka alipigana kama Cody tu mpaka walipoelewana mwaka 2020. Ikiwa mtoto wa Dusty yalimkuta hayo, wewe kabla ya kusaini mlipe wakili akusomee kipengele cha jina.

Alirudi WWE 2022, na Aprili 2024 kule Philadelphia akamng'oa bingwa Roman Reigns na kuutwaa mkanda ambao baba yake hakuwahi kuupata. Katikati hapo, Juni 2022, msuli wa kifua cha kulia ulimng'oka kwenye mfupa akinyanyua vyuma. Alipanda ulingoni hivyo hivyo, kifua kimeiva zambarau hadi mkononi, kisha akapasuliwa na kukaa nje mpaka Januari.

Ndiyo, mshindi hupangwa. Maumivu hayapangwi. Ulingo ni mbao juu ya vyuma, sponji nyembamba na turubai. Ukianguka chali, bana kidevu kifuani, tua kwa mgongo wa juu, piga viganja chini kwa pamoja, toa pumzi. Kidevu kikiachia, kisogo kinajigonga na ubongo unatikisika. Ukitanguliza mkono kujizuia, unavunjika mkono.

Makaratasi nayo yasikilizeni. Viza ya matembezi hairuhusu kulipwa kwa pambano. Viza ya wanamichezo, P-1, huombwa na mwajiri au wakala wa huku, na ushahidi kwamba unajulikana kimataifa unatakiwa. Ukija hujulikani, huna cha kuonyesha. Kwenye maonyesho madogo watu wanabeba boksi wiki nzima, Jumamosi wanapigana, na malipo pengine hayafikii mafuta ya gari. Bima ya afya unajinunulia.

Mwenye kimo na mwili wa michezo aitazame njia ya chuo kwanza. Omos, mwanamieleka wa WWE kutoka Nigeria, aliletwa huku na mpira wa kikapu, akaucheza chuo kikuu. WWE walikuja baadaye.