Nusu siku Turnagain Arm: uliza maji kwanza

Kila kiangazi simu ni zilezile. Ndugu au rafiki yuko Anchorage, mji wetu hapa Alaska, kwa mkutano, au ameshuka meli ya watalii kwenye bandari ya Whittier, au amekuja kumwona mtoto wake anayesoma huku, na ana asubuhi moja tu au alasiri moja tu kabla ya ndege. Anataka kuona wanyama, milima na barafu. Jibu langu halibadiliki: panda gari la mwongozaji, fuata barabara ya Seward kuelekea kusini kando ya Turnagain Arm, fika bonde la Portage, urudi. Kutoka katikati ya mji hadi huko ni kama kilomita 77. Lakini kabla hujalipa, mwulize wakala swali ambalo wageni wengi hawaulizi: siku hiyo maji yanapwa saa ngapi, na yanajaa saa ngapi?

Turnagain Arm ni mkono mwembamba wa bahari uliojipenyeza kati ya milima. Baharia Mwingereza James Cook alifika hapa mwaka 1778 akitafuta njia ya bahari ya kupita kaskazini mwa Amerika, akakuta maji yanakoma, akageuza. Ni mkono mrefu usio na kina, na maji yake hayana mfano kwa mtu aliyekulia Tanga kama mimi. Kwetu bamvua kubwa, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hupandisha maji kama mita nne. Anchorage maji hupanda na kushuka karibu mita nane siku za kawaida, na siku za bamvua huzidi kumi. Yakipwa, mkono mzima hubaki uwanda wa tope la kijivu wenye mikondo michache inayong'aa. Yakijaa, ni bahari kamili kutoka mlima hadi mlima. Wawili wakipita barabara hiyohiyo siku moja, mmoja asubuhi na mwingine jioni, watasimulia nchi mbili tofauti.

Mawakala wengi huuza safari hii kwa saa za kudumu: ya asubuhi inaondoka saa mbili au saa tatu, ya mchana inaondoka saa saba au saa nane. Bahari haifuati ratiba hiyo, kwa sababu kila siku maji huchelewa kama dakika hamsini kuliko jana yake. Kwa hiyo wewe ndiye wa kuchagua kati ya asubuhi na mchana kwa kutazama jedwali la maji, wala usikubali tu nafasi iliyobaki. Jedwali hutolewa bure kwenye mtandao na NOAA, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulika na bahari na hewa. Tafuta kituo cha Anchorage. Vipimo ni vya futi, na ukiona maji ya kupwa yameandikwa kwa alama ya kutoa, jua kuna bamvua.

Siku za bamvua ndizo za kuwinda kwa macho, yaani siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo maji ya kujaa hayaingii taratibu. Huingia kwa wimbi moja linalokata mkono mzima, kutoka ukingo huu hadi ule, likipanda juu ya maji yanayotoka. Mara nyingi si refu. Likiwa na nguvu hufika mita mbili au tatu, na mwendo wake ni kilomita 16 hadi 24 kwa saa. Watu wa hapa huangalia tofauti kati ya kupwa na kujaa kunakofuata: ikizidi futi 27, yaani zaidi ya mita nane, wanabeba viti na chai wanakwenda kusubiri. Wengine huingia na ubao wakalipanda wimbi hilo kwa kilomita kadhaa. Hulisikia kabla ya kuliona, mngurumo mzito kutoka upande wa magharibi. Shangazi yangu aliponitembelea alisimama kwenye ukuta wa Bird Point, mahali pa kusimamisha gari kando ya barabara hii, bila kusema neno mpaka likapita, kisha akasema, "Mwanangu, bahari hii inatembea kwa miguu."

Beluga Point, ambako wimbi hupita mapema, hulipata kama saa moja na robo baada ya maji kupwa Anchorage. Bird Point, mbele zaidi, ni zaidi ya saa mbili. Upepo huweza kulichelewesha au kuliwahisha, kwa hiyo uwe umefika nusu saa kabla. Na hapa ndipo safari ya nusu siku inapopata umbo lake. Ukitoka mjini wakati maji yanapwa, utaliona wimbi njiani ukienda. Utafika Portage, utatembea, utakula kitu, na ukirudi saa nne au tano baadaye utakuta mkono umejaa, na huo ndio wakati mzuri wa kutafuta nyangumi. Mwongozaji anayejua kazi yake ataipanga hivyo bila kuombwa. Asiyejua atakuonyesha tope ukienda na tope ukirudi.

Nyangumi wenyewe ni beluga, weupe, wadogo ukilinganisha na nyangumi wengine. Wanaingia na maji ya kujaa wakifuata samaki, hasa salmoni, na nafasi nzuri ya kuwaona ni kuanzia katikati ya Julai hadi Septemba. Naomba uelewe jambo hili kabla ya kumlalamikia mwongozaji: beluga wa Cook Inlet, ghuba ambayo Turnagain Arm ni tawi lake, ni kundi la peke yake, hawachanganyiki na beluga wa sehemu nyingine za Alaska. Mwaka 1979 walikadiriwa kuwa karibu 1,300. Leo wamebaki mia chache, na tangu 2008 serikali imewaorodhesha kuwa viumbe walio hatarini kutoweka. Kila mgongo mweupe unaouona ukipanda na kuzama katika yale maji ya kijivu ni sehemu kubwa ya kilichobaki. Wachanga ni wa kijivu, kwa hiyo ukiona kivuli kando ya mgongo mweupe, tulia na darubini yako hapohapo. Wageni wengi huwakosa kwa kudhani ni povu la mawimbi. Povu hutokea mahali popote likapotea. Beluga huzama akaibuka mbele kidogo, upande uleule anakoelekea.

Sasa naongea hasa na watu wa pwani wenzangu. Sisi maji yakipwa tunashuka. Tumelelewa hivyo, kutafuta pweza, kuokota kombe, kutembea tu. Hapa usishuke. Usiweke hata mguu mmoja, hata kwa picha, hata ukiwaona wengine wameshuka. Lile tope ni unga wa mawe uliosagwa na barafu milimani, laini kupita mchanga wowote unaoujua. Kwa juu linaonekana gumu na kavu. Ukikanyaga, maji yaliyomo ndani hutikisika, tope linalegea, mguu unazama. Ukitulia, linashika kama saruji. Wakati huohuo maji yanarudi kwa kasi niliyoieleza, na baridi yake pekee inatosha kuua. Watu wamekufa hapa, na kikosi cha zimamoto huitwa kuokoa wengine. Mwongozaji akikuambia "hatua mbili tatu si neno", kataa, na usimrudie tena.

Wanyama wa nchi kavu huanza mara tu unapotoka mjini. Potter Marsh, kinamasi kilichoko ukingoni mwa Anchorage, kina njia ya mbao ya kutembelea juu ya maji. Wapo bata bukini, bata-maji weupe wakubwa, na buabua wa Aktiki, ndege mdogo anayeruka kila mwaka kutoka kaskazini hii hadi bahari za Antaktika na kurudi. Tai mwenye kichwa cheupe anaonekana mara nyingi, na aliyezoea furukombe wa kwetu atamtambua hata kabla hajageuza kichwa. Usikae hapo zaidi ya dakika ishirini kama muda wako ni nusu siku.

Mbele kidogo, mahali panapoitwa Windy Corner, kondoo mwitu weupe hushuka kwenye majabali yaliyo juu kabisa ya barabara. Waweza kuwaona mama na wanawe wakisimama mahali ambapo hata mbuzi wa Usambara angefikiri mara mbili. Hii ndiyo sababu yangu kuu ya kushauri gari la mwongozaji badala ya kukodi gari lako. Barabara ya Seward ni nyembamba, mlima upande mmoja na bahari upande wa pili, na kila anayeona kondoo anataka kusimama ghafla. Taa za gari lazima ziwake hata mchana. Ukichelewesha magari matano au zaidi nyuma yako, sheria inakutaka upishe. Dereva anayetazama kondoo ni hatari, na anayetazama barabara hamwoni kondoo. Mlipe mtu mwingine aendeshe.

Kuhusu dubu na musi, niseme wazi. Musi, mnyama mkubwa kuliko wote katika jamii ya kulungu, unaweza kumkuta popote, hata uani kwa watu mjini. Ni mpole kwa sura, lakini mwenye mtoto hana mchezo, na huku musi huumiza watu wengi kuliko dubu. Mwache mbali. Dubu mwitu kumwona katika nusu siku ni bahati. Kwa hiyo safari nyingi husimama kwenye kituo cha kuhifadhi wanyama, Alaska Wildlife Conservation Center, karibu na Portage. Wapo ndani ya uzio mpana, wengi wakiwa yatima au majeruhi waliookolewa: dubu, mbwa mwitu, musi, ng'ombe wa maski. Wapo wanaosema hiyo si Alaska ya kweli. Siafikiani nao. Baisani wa msituni, aina ya ng'ombe mwitu wakubwa, walikuwa wametoweka kabisa Alaska. Kundi lililoletwa kutoka Kanada likatunzwa na kuzaana katika kituo hiki, na mwaka 2015 wanyama zaidi ya 100 wakapelekwa kuishi huru magharibi ya jimbo, bonde la mto Innoko. Kiingilio chako kinalisha kazi ya namna hiyo. Ila mwombe mwongozaji akupe saa moja tu, isiwe mbili, kwa sababu bonde lenyewe linakungoja.

Portage palikuwa na mji mdogo. Tarehe 27 Machi 1964, Ijumaa Kuu, tetemeko la ukubwa wa 9.2 lilitikisa eneo hili kwa zaidi ya dakika nne. Ardhi ya hapa ilishuka karibu mita mbili, maji ya chumvi yakaingia, na mji ukahamwa. Kando ya barabara bado imesimama miti iliyokufa kwa chumvi ile, mieupe, bila jani. Gari hupita hapo kwa dakika moja tu, kwa hiyo mwombe dereva asimame. Mimi hushuka kila mara.

Kituo cha wageni cha Begich, Boggs kilifunguliwa mwaka 1986 kando ya ziwa, mahali palipochaguliwa ili mgeni auone mto wa barafu wa Portage kupitia dirishani. Barafu imerudi nyuma ikapinda kona ya mlima, na leo dirisha lile linaonyesha maji. Kuiona sharti upande boti ya ziwani, mwendo wa saa moja kwenda na kurudi, nayo hufanya kazi kiangazi tu. Uliza mapema kama bei uliyolipa ina boti ndani yake. Safari nyingi za nusu siku hazina, na wageni huligundua hilo wakiwa wameshafika ziwani.

Mavazi: hata Julai, chukua koti la kuzuia mvua na upepo, na sweta chini yake. Mjini jua linawaka, Beluga Point upepo unakuvua kofia. Mbu wapo wengi, hawana malaria, lakini wanauma, basi dawa ya kujipaka. Darubini uwe na yako, maana ya mwongozaji itazunguka gari zima wakati kondoo wanaondoka. Bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 ni desturi. Wanaoswali wajue kwamba kiangazi adhuhuri ya Anchorage huingia karibu saa nane mchana, kwa jinsi saa za huku zilivyosogezwa mbele. Ukichukua gari la mchana mwambie mwongozaji mapema, Bird Point pana nafasi ya kutosha.

Mtu asikudanganye kwamba nusu siku kwa gari inatosha kwenda hifadhi ya Denali. Mlangoni tu ni saa nne au tano kutoka Anchorage, kwenda peke yake. Mlima wenyewe, mita 6,190, siku ya anga safi unauona ukiwa mjini bila kulipa kitu.

Juni, kama jedwali la maji linakupa kujaa usiku, usiogope. Jua linazama kama saa tano na dakika arobaini usiku, na mawakala wachache wana safari ya jioni. Mwanga wa saa tatu usiku ukilala juu ya mkono uliojaa ni mzuri kuliko wa mchana, na barabara imepungua magari. Desemba ni kinyume: mchana wote ni saa tano na nusu, kwa hiyo chukua gari linaloondoka saa nne asubuhi, kagua kwamba viatu vyako vina meno ya kushika barafu, na hapo Portage uliza kama ziwa limeganda kiasi gani kabla ya kumfuata mtu yeyote anayetembea juu yake.