Mashine ya mazulia isipovuta: pima kwenye mashine kwanza

Niliwahi kupoteza karibu siku nzima nikifungua na kufunga mashine ya kuoshea mazulia ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Zulia lilibaki limelowa chapachapa kila nilipopitisha fimbo (bomba la mkononi linalonyunyiza na kuvuta maji), nami nikaamua kwamba bulowa, yaani pampu ya kuvuta hewa, imechoka, nikakaza beliti na kusafisha machujio ambayo tayari yalikuwa masafi. Jioni, nilipokuwa nikikunja mipira kuirudisha garini, mkono ulipita juu ya kitu kigumu karibu na kiungo cha pili: kibonge cha nywele na nyuzi za zulia, kilichonaswa na kijiti cha meno kilichokwama kimshazari.

Tangu hapo, kazi yangu ya kwanza ni kuutenganisha mpira na mashine. Nachomoa mpira, naziba tundu la kuvutia kwa kifuniko chake (kamwe si kwa kiganja, kwa kuwa nguvu hiyo huweza kuvilisha damu mkononi), kisha natazama geji. Mashine nyingi za kwenye gari zina valvu ya usalama iliyorekebishwa ifunguke mvuto unapofika kati ya inchi 10 na 14 za zebaki (kipimo cha nguvu ya kuvuta), ingawa kipimo halisi ni kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine yenyewe. Sindano ikifika hapo, mashine ni nzima, na ubovu utafutwe kwenye mipira, viungo au mdomo wa fimbo.

Sindano isipopanda, ama hewa inaingia pasipostahili, ama bulowa haizunguki kwa kasi yake, jambo ambalo mara nyingi huletwa na beliti inayoteleza. Fahamu pia geji yako imefungwa wapi. Ikiwa inapima upande wa bulowa, chujio lililoziba litaifanya isome mvuto mkubwa ilhali fimbo haina nguvu, lakini ikiwa inapima ndani ya tangi la maji machafu, chujio hilohilo litaifanya isome mdogo. Mafundi wawili wanaweza kubishana kutwa nzima kuhusu mashine mbili zenye ubovu mmoja kwa sababu hiyo tu.

Hewa inayovuja huingia zaidi kwenye gasketi ya kifuniko cha tangi la maji machafu na kwenye valvu ya kumwagia, ambako chembe moja ya mchanga hutosha kuizuia isifunge. Maji ya sabuni anayotumia fundi wa matairi hayasaidii sana hapa, kwa kuwa hewa inavutwa ndani wala haitoki, hivyo hakuna mapovu ya kuonekana. Mimi hupitisha kipande cha nailoni nyepesi ukingoni mwa kifuniko, na pale kinapovutwa kikanata ndipo penye tundu.

Kuna chanzo kingine cha mvuto mdogo ambacho wengi hukitafuta kwenye vyuma ilhali kinatoka kwenye dawa ya kusafishia, nacho ni povu. Zulia lililowahi kuoshwa kwa shampuu bila kusuuzwa vizuri hutoa povu jingi hata kama leo umetumia dawa kidogo. Boya la tangi, linalokata mvuto tangi likijaa, limetengenezwa kuelea juu ya maji, na povu ni jepesi mno kulinyanyua kwa wakati, kwa hiyo hupita hadi kwenye bulowa na kuacha unyevu unaozalisha kutu. Weka dawa ya kuua povu ndani ya tangi mapema, kabla halijajaa. Ukishuku kwamba maji yamepita, mwaga tangi, iache mashine ivute hewa kavu kwa muda, kisha nyunyiza mafuta ya kulainishia kwenye tundu lililowekwa kwa kazi hiyo kabla ya kuzima injini.

Kuhusu dawa isiyofika kwenye fimbo, usiiamini peke yake mita inayoonyesha mtiririko wa dawa. Chovya mpira wa kunyonyea dawa kwenye jagi la dawa lenye alama za vipimo, fungua fimbo kwa dakika moja, kisha soma kilichopungua. Ikiwa maji yanatoka lita 4 kwa dakika na unataka sehemu moja ya dawa kwa 40 za maji, jagi lipungue takriban mililita 100. Likipungua kidogo huku viputo vikipita kwenye mpira, tafuta kiungo kilicholegea upande wa kunyonya. Kama hakuna viputo, angalia chujio la chini, kisha vile vivalvu viwili vya pampu ya dawa vinavyozuia dawa kurudi nyuma. Unga usioyeyuka sawasawa na chokaa ya maji magumu hupenda kujificha hapo. Kivalvu kimoja nilichokifungua kilikuwa na punje nyeupe ndogo kuliko ya chumvi, imekaa chini ya kigololi. Siki iliyoongezwa maji iliiyeyusha, nikasuuza kwa maji matupu, na pampu ikaanza kunyonya tena.