Maswali ya Wasomaji: Je, Niondoe Vifaa vya Kupunguza Moshi kwenye Injini ya Zamani?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki gari dogo la petroli lililoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, lenye injini ya kabureta. Chini ya boneti kumejaa mipira myembamba ya upepo, valvu kadhaa na pampu moja inayozungushwa na mkanda. Siku hizi injini inatetemeka gari linaposimama, na inakula mafuta kupita kawaida. Fundi ananishauri tuondoe “takataka zote za moshi” na kuziba matundu yake, akisema injini itapata nguvu na kutumia petroli kidogo. Je, nimkubalie?

JIBU: Usimkubalie kabla hajakuonyesha ni kifaa kipi hasa kinachosababisha mtetemo huo. Anavyoviita takataka ni mifumo kadhaa tofauti, kila mmoja ukiwa na kazi yake, na baadhi yake huilinda injini yenyewe kama inavyoilinda hewa. Katika gari la umri huo, chanzo cha kawaida cha dalili ulizozitaja ni mipira iliyokauka na kupasuka, ambayo huingiza kwenye injini hewa ambayo kabureta haikuipimia petroli. Fundi anayeng’oa kila kitu na kuziba matundu huenda kweli akauondoa mtetemo, kwa kuwa miongoni mwa alivyoving’oa umo mpira uliokuwa unavuja. Lakini mpira huo ungeweza kubadilishwa peke yake, kwa gharama ndogo, bila kuvigusa vingine.

Kwa hiyo anzeni na mipira. Injini ikiwa inaunguruma taratibu, chukua kipande cha mpira chenye urefu wa mkono, weka ncha moja sikioni na uipitishe ya pili karibu na kila kiungo, ukijihadhari na feni na mikanda: panapovuja utasikia mluzi mwembamba. Magari mengi ya wakati huo yana kibandiko chini ya boneti kinachoonyesha kila mpira unatoka wapi na kwenda wapi. Kama chako bado kinasomeka, kipige picha leo.

Kuhusu valvu ya PCV, jibu langu ni hapana bila masharti. Gesi inayopenya pembeni mwa ringi za pistoni hushuka hadi kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini, ikiwa na mvuke wa maji, petroli isiyoungua na tindikali, na valvu hii huiwezesha kuvutwa irudi kwenye manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda, ikaungue. Ukiiziba njia hiyo, shinikizo hupanda, sili za kreki huanza kuvuja, na oili hugeuka tope jeusi. Valvu hizi zilianza kuwekwa kwenye magari mapya ya California mwaka 1961, na injini zilizokuja baadaye zikaundwa kwa kuzitegemea. Kuipima ni rahisi: ichomoe injini ikiwa inaunguruma na uweke kidole kwenye mdomo wake, nawe utasikia kidole kinavutwa, kisha zima injini uitikise valvu, nayo inatakiwa ilie kama njuga. Iliyonyamaza imeganda, na mpya haina gharama kubwa. Kopo la mkaa nalo libaki. Hunasa mvuke wa petroli kutoka kwenye tangi na kabureta na kuupeleka injini ikauchome. Kuliondoa hakuongezi nguvu yoyote, na mvuke huo utazagaa karibu na bomba la moto la kutolea moshi.

Valvu ya EGR ndiyo inayolaumiwa zaidi, na hapa fundi wako ana hoja nusu. Kazi yake ni kurudisha kiasi kidogo cha moshi ndani ya silinda ili kupunguza joto la mwako, kwa sababu joto likikaribia nyuzi 1,370 za Selsiasi, naitrojeni na oksijeni za hewani huungana kwa wingi na kuwa gesi zenye sumu. Ikikwama wazi kwa masizi, moshi huingia hata gari likiwa limesimama, nayo injini hutetemeka kama yako. Hata hivyo, katika injini nyingi taimingi ya moto, yaani wakati plagi inapotoa cheche, na mchanganyiko wa kabureta vilipangwa kwa kuzingatia kwamba moshi huo upo. Valvu ikifungiwa kwa kibati bila kurekebisha taimingi, injini huweza kuanza kugonga, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda, unapokwenda kwa mwendo wa wastani au unapopanda kilima polepole, na kugonga kwa muda mrefu hutoboa pistoni. Mwambie fundi aivute valvu kwa pampu ya mkono ya kunyonya hewa injini ikiwa na joto na ikiunguruma taratibu. Injini ikiyumba au kuzimika, njia ni safi. Isipobadilika hata kidogo, ama kiwambo cha valvu kimetoboka ama njia imeziba masizi. Masizi hukwanguliwa.

Pampu ya hewa, inayosukuma hewa kwenye manifoldi ya moshi, ndiyo ambayo injini haitaikosa sana. Nguvu inayoila ni ndogo. Ikiwa imekwama na lazima itoke, matundu yake yazibwe kwa parafujo za chuma zinazokaza vizuri, kamwe si kwa kipande cha mpira kilichofungwa waya.

Sasa kuhusu nguvu unayoahidiwa. Sifa mbaya ya vifaa hivi ilitokana na magari ya Marekani ya miaka ya 1970, ambayo kweli yalikuwa mazito kuondoka. Lakini mengi ya yaliyopotea hayakuwa kwenye mipira. Kwa mfano, mwaka 1971 General Motors ilipunguza uwiano wa mgandamizo, yaani kiasi ambacho pistoni hubana hewa na petroli, katika injini zake ili zitumie petroli isiyo na risasi, na mwaka uliofuata kampuni za huko zikaacha kutangaza nguvu ya injini iliyopimwa bila vifaa vyake vya kawaida, kwa hiyo tarakimu zikashuka hata pale ambapo injini haikubadilishwa. Mgandamizo ulioshushwa kiwandani haurudi kwa kung’oa valvu.

Chunguza pia sheria ya mahali unapoliendeshea gari, kwani ukaguzi mara nyingi hufuata mwaka wa kuundwa. Nchini Marekani, tangu marekebisho ya sheria ya hewa safi ya mwaka 1990, hata mwenye gari mwenyewe hakubaliwi kuviondoa vifaa vya kupunguza moshi. Chochote kitakachotoka, kihifadhi.

SWALI: Gari langu la EFI (linalopuliza petroli kwa umeme, bila kabureta) la mwishoni mwa miaka ya 1990 limepoteza nguvu. Nimeambiwa masega ya kwenye bomba la moshi (kifaa cha kusafisha moshi, yaani katalisti) yameziba na kwamba yatolewe, bomba libaki tupu. Kuna madhara?

JIBU: Kwanza yapimwe: geji ya shinikizo ifungwe kwenye tundu la sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega, injini ikizunguka kwa kasi. Shinikizo likiwa kubwa, kweli yameziba. Lakini masega hayazibi yenyewe. Petroli isiyoungua, inayotokana na misi (silinda kukosa kuwaka) ya plagi au koili, huungulia humo na kuyayeyusha, au oili inayovuka ringi huyafunika. Bomba tupu litaiacha hitilafu hiyo palepale, litaongeza gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua, na kama gari lina sensa ya pili nyuma ya masega, taa ya injini haitazimika. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, kwa hiyo ukiona fundi anakuhimiza sana uyatoe, muulize nani atabaki na ya zamani. Misi itibiwe kwanza, ndipo masega mapya yafungwe. Ukitanguliza masega, yatayeyuka kama hayo.